Mtoto wa Jicho na Macho ya Uzeeni: Maswali Tunayoulizwa Tanga

Mtu akishajua kwamba wewe ni muuguzi wa macho, huna tena pa kujificha. Utaulizwa kwenye daladala ya Raskazone, utaulizwa msibani, utaulizwa umekaa kwenye kigoda ukisubiri chapati zako barabara ya kumi na mbili. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayojirudia zaidi, nayo nimeyaacha kama yanavyoulizwa. Swali likigusa jambo lililojibiwa kwingine, nitakuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Mtoto wa jicho ni nini hasa?

Ndani ya jicho, nyuma ya lile tundu jeusi la mboni, kuna lenzi. Ni kitu kidogo kiangavu chenye umbo la dengu, na kazi yake ni kukusanya mwanga uangukie vizuri kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha. Lenzi imejaa maji na protini zilizojipanga vizuri, ndiyo maana mwanga unapita. Miaka inavyokwenda, protini zile hushikana na uangavu ukapotea. Fikiria ute wa yai kwenye kikaango: ulikuwa unaona hadi chini, ukapata moto, ukawa mweupe. Haurudi tena kuwa ute.

Hiyo ndiyo mtoto wa jicho: lenzi ileile uliyozaliwa nayo, imeingia ukungu.

Kwa hiyo si ngozi inayoota juu ya jicho?

Hapana, na nadhani jina ndilo linalotuponza. Ukisema "mtoto", mtu anadhani kuna kitu kimezaliwa na kinakua, cha kukwanguliwa kwa kucha au kuyeyushwa kwa dawa. Kile kinyama kinachotambaa juu ya jicho kutoka upande wa pua ni kitu kingine kabisa. Wavuvi wengi wa Sahare na Mwambani wanacho, kwa sababu ya jua, upepo, na mwanga unaorudishwa na maji. Chenyewe mara nyingi hakina haraka, isipokuwa kikielekea katikati ya mboni.

Nitajuaje kama mama yangu ameanza kupata?

Usimwulize kama anaona. Atakwambia anaona. Mtazame anavyofanya kazi.

Bibi mmoja jirani yetu alikuwa fundi wa kusuka ukili. Wanawe waliniita si kwa sababu ya macho, ila walidhani amekuwa mvivu: mkeka umekaa miezi na hauishi. Nikaketi naye. Alikuwa anahesabu miyaa kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia mlangoni, anatafuta mwanga. Mchele alichambua kwa kupapasa. Noti ya elfu mbili na ya elfu kumi alizipeleka kwanza dirishani ndipo akazitofautisha.

Dalili zenyewe ni hizi: ukungu unaoongezeka polepole bila maumivu, rangi kufifia na kuelekea manjano, taa za magari kumtia kiwi usiku, jua kali kumsumbua kuliko kivuli, na miwani kubadilishwa kila mara bila nafuu. Wengine huona kitu kimoja mara mbili hata wakiwa wamefumba jicho la pili. Mtoto wa jicho akikomaa, ndipo weupe huonekana kwenye mboni hata kwa mtu wa kawaida.

Bibi alikuwa na miwani ya kusomea, sasa anasoma msahafu bila miwani. Macho yamepona?

Samahani kukuharibia furaha. Aina moja ya mtoto wa jicho huanzia katikati ya lenzi na kuifanya iwe ngumu na yenye nguvu zaidi, hivyo mtu huona karibu vizuri huku mbali kukizidi kuharibika. Raha hiyo hudumu kwa muda tu. Mwulize kama anamtambua anayepita upande wa pili wa barabara.

Unasababishwa na nini?

Umri, kwanza kabisa. Kisukari huuleta mapema. Vingine ni pigo kwenye jicho (ngumi, fimbo, jiwe la manati ya utotoni), sigara, jua la miaka mingi, na dawa za steroidi (zile kali za kutuliza uvimbe na mwasho) zikitumika muda mrefu, ziwe vidonge au matone. Kwa mtu wa pumu au baridi yabisi anayemeza prednisoloni miezi na miezi, kupima macho ni sehemu ya matibabu yake.

Unaambukiza?

Hapana. Hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu, wala jicho moja haliliambukizi jingine. Huwa yote mawili yanazeeka pamoja, moja likitangulia.

## Si kila ukungu ni mtoto wa jicho

Presha ya macho nayo ni nini?

Hapa naomba usome polepole. Jicho lina maji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Njia ya kutokea ikibana, shinikizo hupanda na kuumiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Kuona huanza kupotea pembeni, bila maumivu kwa wengi, na mgonjwa hajui mpaka aanze kugonga milango na kumwaga chai kwa kukosa kuona kikombe kilicho kando.

Tofauti kubwa ni hii: kilichoharibiwa na mtoto wa jicho hurudi baada ya upasuaji. Kilichochukuliwa na presha ya macho hakirudi. Matone au upasuaji hulinda kilichobaki tu. Ndiyo maana naogopa sana mzee anayekaa nyumbani akisema "ni mtoto wa jicho tu, nasubiri". Nani kamwambia ni mtoto wa jicho?

Ugonjwa huu hutembea kwenye familia, na watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi na mapema zaidi kuliko Wazungu. Kama baba au dada yako anao, kapime kuanzia miaka 40 hata kama unaona vizuri.

Ni sawa na presha ya mwili?

Si sawa. Unaweza kuwa na moja bila nyingine, na dawa ya presha ya mwili haitibu presha ya macho.

Nina sukari lakini naona vizuri. Nipime macho ya nini?

Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina kimyakimya. Siku ukiona giza, uharibifu una miaka. Pima mara moja kwa mwaka, kwa matone yanayopanua mboni ili daktari aone nyuma kabisa. Siku hiyo usiende na pikipiki yako mwenyewe; mwanga utakusumbua kwa saa kadhaa.

Miwani ya mezani pale sokoni inafaa?

Kwa kusoma, kutunga uzi kwenye sindano au kuangalia simu, mara nyingi inafaa. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi hukakamaa, ikashindwa kujikunja kutazama karibu, na hilo ni la kila mtu. Namba huanzia +1.00 na kupanda kadiri umri unavyokwenda. Ila pima macho kwanza, kwa sababu miwani ya sokoni haitakwambia kama una presha ya macho.

Ni dalili zipi za kwenda hospitali leo hii, si kesho?

Kuona kupotea ghafla. Jicho jekundu lenye maumivu makali, hasa likiambatana na kichwa na kutapika. Kuona cheche za mwanga, vidoa vyeusi vingi kwa mpigo, au kivuli kama pazia linaloshuka. Jicho lililochomwa na kitu au kumwagikiwa na chokaa au tindikali. Hilo lioshe kwanza kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, ndipo uite bajaji.

## Dawa na tiba za nyumbani

Kuna matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho?

Hakuna. Rudi kwenye ule mfano wa yai. Kuna watu wanauza chupa zenye picha ya jicho linalong'aa, na wanajua kuongea. Miwani mipya na taa nzuri vinaweza kumsaidia mtu mwanzoni, lakini kinachoondoa mtoto wa jicho ni upasuaji peke yake.

Na asali? Maziwa ya mama? Maji ya majani?

Haviifikii lenzi, kwa sababu lenzi iko ndani. Vinachofikia ni konea, kile kioo cha mbele, na vikiwa na vijidudu huleta kidonda. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe. Nimeshaona mtu aliyekuja na mtoto wa jicho, tatizo la kutibika asubuhi moja, akiwa na kovu la konea juu yake kwa sababu ya majani yaliyopondwa. Lile kovu ndilo lililotushinda.

Sisemi haya kumdharau mganga yeyote. Wako wanaowaleta wagonjwa wenyewe mpaka mlangoni kwetu, na ninawaheshimu kwa hilo.

Duka la dawa walinipa matone, macho yakatulia. Niendelee nayo?

Soma jina. Kama yana deksamethasoni au steroidi nyingine, si ya kujitibu. Shangazi yangu mwenyewe aliwashwa macho, akauziwa matone kwenye duka moja la dawa hapa mjini bila mtu kumwuliza lolote. Wekundu ukaisha siku mbili. Akawa kila akiwashwa ananunua tena, karibu miaka miwili. Tulipompima, presha ya macho ilikuwa juu na mshipa umeshaumia, na ukungu wa lenzi umeanza. Kichupa chenyewe alikuwa amekifunga kwenye pindo la khanga, pamoja na hela ya nauli. Nilikuwa namwona kila Ijumaa na sikuwahi kumwuliza.

## Upasuaji

Si lazima mgonjwa asubiri ukungu uive?

Ushauri huo ulikuwa na maana zamani, enzi za upasuaji wa namna nyingine. Leo kipimo ni maisha yake: kama ukungu unamzuia kupika, kushona nyavu, kusoma au kutembea peke yake, wakati umefika. Ukiachwa mpaka uive kupita kiasi, lenzi huwa ngumu na upasuaji huwa mgumu. Lenzi iliyoiva sana inaweza hata kuvuja ndani ya jicho na kuleta presha kali ya macho yenye maumivu.

Ni kweli wanalitoa jicho nje, wanalisafisha, wanalirudisha?

Hapana! Jicho halitoki mahali pake.

Basi wanafanyaje?

Kwanza jicho hupimwa urefu wake na mkunjo wa konea, ili ijulikane lenzi bandia ya namba gani itamfaa. Siku ya upasuaji anatiwa ganzi, mara nyingi kwa sindano pembeni ya jicho, naye yuko macho anawasikia wanavyoongea. Daktari hukata tundu dogo, hutoa lenzi yenye ukungu na kuacha kile kifuko chake chembamba, kisha humo hupandikiza lenzi bandia. Kuna njia ya kuitoa nzima kwa mkono, na kuna ya kuivunjavunja kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Zote mbili hutoa matokeo mazuri, na jeraha mara nyingi halihitaji hata uzi. Kazi yenyewe ni kama dakika 15 hadi 30. Ni waja leo waondoka leo, ingawa anayetoka mbali kama Lushoto au Handeni ni vizuri alale karibu, maana kesho yake bandeji inatolewa na jicho linaangaliwa.

Hiyo lenzi bandia itaisha muda wake?

Haiishi. Ukiwekewa, ni yako mpaka mwisho, wala huisikii. Ilianza London mwaka 1949, daktari Harold Ridley alipoipandikiza kwa mara ya kwanza. Alikuwa amegundua kwamba marubani wa vita walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, macho yao hayakuvikataa. Wenzake wengi walimpinga miaka na miaka.

Baba ana presha na sukari. Atapasuliwa?

Ndiyo, zikiwa zimetulizwa. Wagonjwa wengi hurudishwa siku ileile kwa sababu presha iko juu, na ndugu hukasirika: wamekodi gari kutoka Mkinga, wamefunga duka. Mara nyingi sababu ni kwamba mzee aliacha vidonge asubuhi akidhani mtu wa kupasuliwa hamezi kitu. Vidonge vya presha ameze kama kawaida, isipokuwa daktari aseme vingine. Vya sukari uliza mapema, kwa sababu vinategemea atakula saa ngapi.

Pelekeni dawa zake zote ndani ya mfuko. Zile za tezi dume msizifiche kwa aibu. Baadhi, kama tamsulosini, hulegeza misuli ya mboni wakati wa upasuaji, na daktari akijua mapema anajiandaa. Za kuyeyusha damu asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Na kama ana kikohozi au hawezi kulala chali, semeni kabla.

Macho yote mawili siku moja?

Kwa kawaida hapana. Huanza moja, mara nyingi lenye hali mbaya zaidi, na la pili baada ya wiki kadhaa.

Kuna hatari?

Ipo, na anayekwambia haipo usimwamini. Wengi sana hupona vizuri, lakini wachache hupata vijidudu ndani ya jicho, kifuko cha lenzi kupasuka, au retina kubanduka baadaye. Ndiyo sababu ya masharti yaliyo kwenye sehemu ya "Baada ya upasuaji".

Tuanzie wapi, na gharama?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upewe rufaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ina kliniki ya macho. Yanayohitaji ubingwa zaidi hupelekwa hospitali ya KCMC, Moshi, au zile za Dar es Salaam, Muhimbili na CCBRT. Kambi za macho pia huja wilayani, na mara nyingi hutangazwa misikitini, makanisani na kwa gari la matangazo, hasa karibu na Siku ya Afya ya Macho Duniani, Alhamisi ya pili ya Oktoba.

Sera ya afya inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Pita kwanza serikali ya mtaa au kijiji kwa kitambulisho cha matibabu cha mzee, na ukifika hospitali uliza dirisha la wazee. Ukikwama, omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii. Ukitaka ushauri wangu, gharama inayowashinda watu wengi si ya upasuaji. Ni nauli ya watu wawili mara tatu, na nani atabaki na mbuzi.

## Baada ya upasuaji

Atunzweje nyumbani?

Matone kwa ratiba, kwa kawaida wiki nne au zaidi, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni. Ncha ya chupa isiguse jicho. Alale na kikinga cha plastiki juu ya jicho siku za mwanzo. Asilisugue, asiinue ndoo, asiiname kwenye moto wa kuni. Maji yasiingie jichoni, na baharini asiende mpaka aruhusiwe.

Mchonyoto kidogo na machozi siku ya kwanza ni kawaida. Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, tongotongo nyingi, au kuona kunakorudi nyuma si kawaida: mrudishe saa hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki ni wiki ijayo.

Wudhu, sijda na funga je?

Kila siku naulizwa hili. Kitabibu: jicho lisilowe, na kichwa kisishuke chini siku za mwanzo. Kwa hiyo aswali ameketi, akiinama kidogo kwa ishara. Kuhusu maji, mgonjwa ana ruhusa katika dini, na namna ya kupaka au kutayamamu mwulize sheikh wako. Matone ya macho, kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, hayafunguzi. Nimeona wagonjwa wakiacha matone Ramadhani nzima; kama una wasiwasi, muulize sheikh siku ya kwanza, si siku ya ishirini.

Mama anasema kila kitu kimekuwa cha bluu. Kuna tatizo?

Hakuna. Alikuwa anatazama dunia kupitia lenzi ya rangi ya chai, sasa ameondolewa. Yule bibi wa ukili, bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichotazama ni khanga yake. "Hii ni nyeupe? Nimeivaa mwaka mzima najua ya maziwa." Kisha akanitazama mimi, akasema nimezeeka.

Atahitaji miwani?

Ya kusomea, kwa wengi ndiyo. Lenzi bandia ya kawaida hupangiwa kuona mbali.

Miaka miwili imepita, ukungu umerudi. Umeota upya?

Hauwezi kuota, lenzi haipo. Ni kile kifuko kilichoachwa kimeingia ukungu. Hutobolewa kwa leza kwa dakika chache, bila kisu. Msikate tamaa mkadhani upasuaji uliharibika.

## Yanayotutatiza

Mzee anakataa: "Nishazeeka, macho ya nini tena?"

Usibishane naye kuhusu macho. Mwulize anakosa nini. Mzee mmoja wa Pangani alikataa miaka mitatu, watoto wamechoka. Kumbe hakuogopa kisu. Aliogopa kuwa mzigo kwa mwanawe aliyekuwa anatafuta kazi. Siku mjukuu alipomwambia atakwenda naye yeye, alitangulia mlangoni. Wengine wamesikia habari ya mtu aliyepofuka hospitalini. Hao wakutanishe na mtu wa mtaani kwao aliyepona, kibarazani, bila sisi kuwepo.

Na anguko moja la usiku kuelekea chooni linaweza kumvunja nyonga. Hilo nalo ni jambo la macho.

Haoni miaka mitano sasa. Bado kuna faida?

Inategemea. Mwangaze tochi: akijua taa imewaka na iko upande gani, matumaini ni makubwa. Asipoona hata mwanga, huenda retina au mshipa umekufa, na upasuaji hautarudisha kitu. Lakini jibu hilo litoke kwa daktari baada ya vipimo. Si kwako, na si kwangu kwenye daladala.

Alipasuliwa vizuri lakini bado haoni sawasawa. Walikosea?

Pengine hapana. Mtoto wa jicho huwa kama pazia la mlango; likiondolewa ndipo unaona ndani kulikuwa na nini. Inaweza kuwa presha ya macho, sukari, au anahitaji miwani tu. Rudi, uliza, na wakueleze kwa lugha unayoielewa.

Mjukuu mchanga ana weupe kwenye mboni. Si ugonjwa wa wazee?

Watoto huzaliwa nao pia, wengine kwa sababu mama alipata rubela akiwa mjamzito. Weupe huo unaweza pia kuwa saratani ya jicho. Mara nyingi huonekana kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi: jicho moja jekundu, jingine jeupe. Usingoje kliniki ya chanjo ya mwezi ujao. Mpeleke wiki hii, na picha hiyo uende nayo.